Nilivyomdharau kifutu kwa sababu ya orodha ya nyoka wa Australia

Wakuu, siku hiyo shambani Sibwesa tulikuwa wanne: mimi, wadogo zangu wawili Leokadia na Fausta, na jirani yetu Bukuru. Wote wako hai, kwa hiyo nikiongeza chumvi hapa nitaumbuka.

Wazazi wetu walitangulia nikiwa darasa la sita. Mimi ndiye mkubwa, nikaacha shule ili hawa wasome. Elimu yangu iliyobaki ni ya kwenye simu.

Wiki ile nilikuwa nimezama kwenye video za nyoka wa Australia. Kuna mmoja anaitwa taipan wa bara, inasemekana sumu yake ni kali kuliko ya nyoka wote wa nchi kavu. Anafuatiwa na brown snake. Nikaikariri top ten yote ya nyoka wenye sumu kali duniani.

Kifutu wetu hayumo.

Basi tulikuwa tunabeba mahindi tuliyoyalundika. Leokadia akaingiza mkono chini ya lundo, akapiga yowe. Kifutu mnene kama mkono wangu alikuwa amemng'ata kidole.

Bukuru akawasha pikipiki hapo hapo. "Mpakize, twende hospitali Mpanda."

Nikamwambia atulie. "Kifutu hayumo hata kwenye top ten, Bukuru. Jiwe la nyoka linamtosha."

"Top ten ya nani? Nyoka wanacheza ligi?"

Fausta akaanza kulia. Leokadia akaniangalia, akasema, "Kama kaka amesema, tusubiri."

Kwa msiolijua, jiwe la nyoka ni kipande cha mfupa uliochomwa mpaka ukawa mweusi. Linagandishwa kwenye jeraha eti linyonye sumu.

Nikamgandishia, tukasubiri tangu saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana. Mkono ukavimba hadi kwapani, kidole kikawa cheusi. Ndipo nikampakiza.

Hospitali walimwokoa. Lakini vidole viwili vya mkono wa kulia vilikatwa.

Daktari alinieleza bila kunigombeza. Orodha zile hupima sumu kwa panya wa maabara. Nyoka wengi wa kule hukwepa watu, na dawa ya sumu yao iko karibu. Sumu ya taipan hushambulia neva na damu, ya kifutu huozesha nyama. Halafu kifutu hakimbii, analala palepale mpaka umguse.

"Mdogo wako hakung'atwa na orodha," akasema.

Wakuu, mtu aking'atwa msianze kulinganisha nyoka. Msifunge kamba, msichanje, kiungo kisitikiswe. Wahini hospitali.

Leokadia yuko form two, anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zinamlalia upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaniumiza.

Kwake mimi ni baba na mama. Chakula, daftari, viatu, vyote natoa. "Nisamehe" ndiyo imenishinda kutamka, na deni hilo bado ninalo.

Mliolea wadogo zenu, hivi mnaanzaje kumwomba msamaha mtu mliyemlea? Nasoma kila comment.