Njia Imeanza Kukauka

Madigadi ya mbele ya baiskeli ya marehemu mume wangu bado ninayo. Nimeifanya chombo cha kunyweshea kuku, na wajukuu wakiniuliza kwa nini siitupi, huwaambia kwamba bati zuri hivyo halitupwi ovyo. Ukweli siusemi, maana nikianza tu nitalia, na kulia mbele ya watoto sipendi.

Enzi zile za ruksa, mitumba ilipoanza kumwagika nchini, yeye alikuwa kijana wa Bungu, kule milimani, aliyepanga chumba Manundu, pale Korogwe. Alikuwa akifunga robota lake kwenye keria, anavuka mto na kuja kuuza nguo kwenye gulio la kwetu, upande wa Handeni. Nilinunua kwake blauzi iliyonibana, wiki iliyofuata nikaenda kuibadilisha, na wiki iliyofuata tena nikaenda bila sababu yoyote.

Udongo wa kwao na wa kwetu haukuelewana kabisa. Kule milimani ni mwekundu. Mvua ikinyesha unateleza kama sabuni, lakini maji yote hukimbilia bondeni, na jua likiwaka kidogo tu mtu anapanda baiskeli yake. Ukishavuka mto kuna mchanga, ambao ukiwa mkavu unameza tairi, ila ukinyeshewa hushikana, ukapita raha mustarehe. Mwisho ndiyo mbuga yetu, udongo mweusi, na huo usiombe. Ukilowa chepechepe ni uji tu. Utachafuka, lakini utapita. Unapoanza kukauka ndipo unakuwa gundi, unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Kwetu mtu akikuambia njia imeanza kukauka, anakusihi ubaki ulipo.

Yeye alikuwa amepita huko kiangazi tu. Angejulia wapi?

Baba yangu alikuwa mkulima wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa makali. Binamu yangu mmoja alikwisha nitaka, na baba alimpenda kwa sababu shamba lake lilipakana na letu. Niliposema nina mtu wangu Korogwe, baba alinipa Ijumaa moja tu. Wazee wa huyo mtu wafike na barua ya posa kabla ya magharibi. Wasipofika, kesho yake angemkubalia binamu.

Ijumaa hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mama alinihurumia, lakini mimi nilikuwa nafurahi, nikijua mbuga imekuwa uji na watapita. Saa sita mvua ikakatika, jua kali likatoka, nikajua mbuga inageuka gundi.

Yaliyowapata njiani alinisimulia baadaye, tena mara nyingi kupita kiasi. Alikuwa amempakia mjomba wake, mzee mwenye goti bovu, kwenye keria. Mvua ilipozidi wakajibanza kwenye banda la chai mchanga unapoishia, na mjomba akasema wasubiri jua kama watu wenye akili zao. Lilipotoka wakamuuliza mfugaji wa Kimaasai aliyetokea upande wetu njia ikoje. Akawajibu kwa masikitiko kwamba imeanza kukauka. Wakamshukuru sana, wakaondoka wanacheka.

Wali wa wageni ulipoa jikoni. Binamu alipita mbele ya nyumba mara mbili, eti anatafuta mbuzi wake, na kila alipopita nilitamani kumrushia mwiko. Jua lilikuwa linazama nilipoona mtu anakuja, mrefu ajabu, kama mwenye vichwa viwili. Alikuwa yeye, matope mpaka kiunoni, ndala moja mguuni, na mjomba mgongoni kaishika barua juu isichafuke.

Kwa desturi mwanamume haendi kujiposea mwenyewe, na baba hakungoja hata salamu ziishe kumkumbusha hilo.

"Sijaja mimi, mzee," akajibu, anahema. "Nimemleta mjomba."

"Baiskeli yako iko wapi?"

"Nimeiacha mbugani."

Baiskeli ile ndiyo iliyokuwa kazi yake na chakula chake, na kila mtu alijua kitu kilichoachwa njiani hakikawii kupata mwenyewe. Hata hivyo baba alipokea barua akaikunja, hakusema ndiyo wala hapana, akaagiza wageni wapewe maji ya kuoga. Wali wao niliupasha moto.

Asubuhi baba alichukua jembe na spana, wakaondoka wawili, yeye na kijana wangu. Niliwafuata kwa mbali na ndoo kichwani, nikijifanya naenda kuchota maji. Baiskeli ilikuwa pale pale, imesimama yenyewe katika udongo uliokwisha kuwa mgumu kama sakafu. Baba aliichimbua taratibu, akaikwangua, kisha akachuchumaa na kuanza kufungua madigadi, ya mbele halafu ya nyuma. Nilikuwa nimesogea hadi nyuma yao kijana wa watu alipouliza kwa woga kama zimeharibika.

"Hazijaharibika," baba akasema, macho yakiwa kwenye spana. "Ila mtu mwenye wakwe mbugani hapandi baiskeli yenye madigadi."

Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanipa ile ya mbele nikaiweke nyumbani.