Kaka Kaleta Mirija ya Kisasa

Kaka yangu kaokoa mazingira leo hapa Mazwi. Mpigieni makofi.

Kashuka kwenye basi la Dar na boksi la zawadi kwa bibi yetu. Bibi anapika kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi, na anauza karanga.

"Shikamoo bibi. Achana na mirija ya plastiki! Hii ni teknolojia mpya, inaoza yenyewe."

Bibi kautoa mmoja. Kaugeuza. Kaunusa.

"Mume wangu, hili si tete?"

Jamani, tete! Lile lile tulilokuwa tunakata mtoni na kunywea kimpumu, mpaka wajanja wa mjini wakatucheka, tukahamia plastiki. Leo limerudi kwao na jina la Kizungu kwenye boksi.

Na kila tete limevalishwa kijifuko chake cha nailoni. Si unajua baridi ya Ufipa.

Nicheke au nilie?

Bibi wala hakununa. Kavua vijifuko kimoja kimoja, kavikunja vizuri, matete kamrudishia kaka.

"Asante, mume wangu. Matete tunayo mtoni. Ila hivi vijifuko vitanifaa kufungia karanga."