Karatasi za Mzee Eikichi

Mji mzima wa Shiroko, huko Japani, hakuna aliyetoboa violezo vya karatasi vya kuchapia nakshi za kimono kama Fumie. Mtu akiwa hatua tatu mbele hamwoni, na jicho la kushoto lilikuwa bure tangu utotoni. Lakini akivua miwani na kusogeza karatasi hadi puani, jicho la kulia halikukosea kitundu hata kimoja. Wenzake walimtania, "Huyu anatoboa kwa pua!" Naye alicheka, akijua wanamwonea wivu.

Mwaka mmoja safu za vitundu zikaanza kupinda. Fumie hakujiuliza mara mbili. Akabeba rundo zima la karatasi hadi kwa Mzee Eikichi, ambaye kwa miaka arobaini alikuwa akiwauzia mafundi karatasi alizozipaka maji ya kaki, tunda chungu la huko, na kuzifukiza moshi ili ziwe ngumu zisijikunje.

"Mzee, siku hizi unalala kazini? Tazama zilivyojikunja!"

Mzee akapitisha kidole juu ya moja, polepole. "Nitakupa nyingine, mwanangu."

Nyingine nazo zikapinda. Basi Fumie akamtangaza kwa mafundi wote: Eikichi kwisha, moshi umemshinda. Loo, ulimi hauna mfupa! Kufika majira ya baridi hakuna aliyenunua kwake.

Kisha Fumie akaenda kubadilisha miwani, na daktari akamwonyesha karatasi yenye miraba. Nayo ikapinda katikati.

"Hii imechapwa kwa mashine, mama. Kilichopinda ni unavyoona. Jicho lako limerefuka mno kwa ndani, na nyuma yake imeota mishipa ya damu isiyotakiwa, inavuja. Nitaichoma kwa leza isienee. Ila pale nitakapochoma, hutaona tena. Ungekuja mapema, pangekuwa padogo."

Alipochomwa, safari yake ya kwanza ilikuwa kwa Eikichi. Banda la moshi lilikuwa baridi, mbao za kuanikia zimeshauzwa. Akapiga magoti.

"Mzee, karatasi zako hazikuwa na kosa."

"Nilijua siku ile ile, nilipoipapasa."

"Ulijua! Mbona hukuniambia?"

"Fundi kama wewe nani atamwambia jicho lake limeharibika? Niliona haya, mwanangu."

Fumie alitaka kumwomba radhi, na alitaka kumpigia kelele. Akainua uso amtazame. Aliona masikio mawili, na katikati yake doa jeusi.