Dakika Moja ya Kimya Uwanjani

Mwanangu alicheza mpira wa Kimarekani chuoni miaka miwili, na sikuwahi kumwona akiugusa mpira wenyewe. Kazi yake ilikuwa kusimama mstari wa mbele na kusukumana na majitu wenzake ili mwingine apite. Nilimwambia baba yake, tumeleta mtoto Marekani awe ukuta. Hata hivyo kila Jumamosi waliyocheza nyumbani nilibadilishana zamu kule ninakotunza wazee, nikajifunga kitenge juu ya koti, tukatoka Alexandria, mji tunaoishi huku Marekani, na teksi ya mume wangu hadi uwanjani.

Mwaka huu vita vilipoanza ndipo nilipojua kwamba aliweka sahihi jeshi la akiba ili asomeshwe. Baba yake alijua. Dada yake alijua. Mimi niliambiwa mwezi wa nane, zikiwa zimebaki siku chache aondoke kwenda vitani, wenzake wa timu wako mazoezini kujiandaa na msimu. Nina hasira za karibu, sikatai. Nilimwambia, "Kama uliweza kusaini bila kuniuliza, basi ondoka bila kuniaga." Na yeye, mtoto niliyemfundisha mwenyewe kutii, akatii. Asubuhi ya safari nilijifungia chumbani. Nikasikia mlango wa gari ukifungwa, nikabaki humo humo.

Akawa anapiga simu kila Jumapili, simu ya baba yake. Mume wangu akimaliza huniambia, "Mama watoto, mwanao anakuamkia." Mimi nafungulia bomba, naosha sufuria ambayo imeshatakata. Kuacha shikamoo ya mtoto bila kuiitikia ni jambo zito, nami nililijua hilo. Lakini kila wiki iliyopita ilifanya kuanza kuongea naye kuwe kugumu zaidi.

Mwezi wa kumi chuo kikatualika. Binti yangu alisoma barua, akasema wanataka kumfanyia kaka yake jambo kabla ya mechi. Timu ilikuwa imeshafungwa mara nne, nikadhani wanatafuta watu wa kujaza viti. Wakatukalisha mbele kabisa. Kabla mchezo haujaanza, kipaza sauti kikataja jina lake na namba yake. Uwanja mzima ukasimama, watu wakavua kofia, wachezaji wakapiga goti mstarini, kukawa kimya.

Jamani, mimi nimekulia Morogoro. Kwetu watu hawasimami kimya kwa ajili ya mtu aliye hai. Wanasimama kumkumbuka marehemu, dakika moja, kisha wanakaa. Nikautazama ule mstari wa mbele. Walikuwa wameacha nafasi yake wazi, hakuna aliyeijaza. Nikajua wameniita ili wanipe habari. Nikakivua kitenge, nikakifunga kiunoni, nikapiga yowe.

Nililia kama tunavyolia msibani. Nilimwita kwa jina lake la nyumbani, nikimwambia nilikukataza kuniaga mwanangu, nilikufungia mlango. Watu waliokuwa nyuma yetu wakaanza kutokwa machozi nao, bila kuelewa hata neno moja. Mama mmoja wa Kizungu akanishika bega, akaniambia kwamba mimi ni jasiri. Mume wangu alikuwa ameduwaa. Binti yangu ndiye aliyenishika uso kwa mikono miwili.

"Mama, look at me. Yuko mzima, he's fine. Ameni-text leo asubuhi. Ndivyo wanavyom-honor mtu akiwa vitani."

Nikaketi. Aibu ilinishika, na baada ya aibu hasira, kwa sababu sikuelewa ni watu gani wanaomsimamia kimya mtu aliye hai kama maiti halafu wanamwita mama yake aje atazame. Nilitaka kumfuata kocha nimpe yake. Lakini maneno niliyoyatoa kwenye lile yowe yalikuwa ya kweli, na nilikuwa nimeyasema mbele ya uwanja mzima kabla sijamwambia mwenyewe.

Kesho yake, Jumapili, simu ilipolia nilimpokonya mume wangu.

"Haloo," nikasema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niage."

"Nikuage? Mama, si nimeshafika huku tangu zamani?"

"Najua uliko. Niage kama mtu anayetoka nyumbani."

Akaniaga. Alisema, mama, mimi naenda, niombee. Nami nikamjibu kama mzazi anavyomjibu msafiri mlangoni, nenda salama, urudi salama. Halafu akauliza timu imefanyaje. Nikamwambia wamefungwa tena, na huyo waliyemweka mahali pake anaanguka hovyo. Akacheka sana.

Msimu umeisha. Wenzake wamerudisha kofia zao ngumu stoo, wako kwenye mitihani. Niliagana na mwanangu miezi miwili baada ya yeye kuondoka, na bado hajarudi.