Mkono wa Gia Uliokwenda Madaba

Juzi fundi mmoja hapa Mfaranyaki alifungua mpira wa gia katika gari langu, na harufu ya grisi kuukuu ikapanda mpaka kwenye kiti. Fundi akakunja pua. Mimi niliivuta kama mtu aliyefunua chungu cha kande, maana, ndugu msomaji, ndiyo harufu aliyokuwa nayo mama yangu mwaka ule alipokataa kunyang'anywa.

Baba alikuwa amefariki, akatuachia nyumba ya matofali ya kuchoma na pikapu nyeupe. Mama ndiye aliyeiendesha tangu Baba alipoanza kuugua: asubuhi alimpeleka hospitali, mchana akabeba mahindi ya watu kutoka mashambani. Kwa gari hilo tulikula na kusoma.

Matanga yalipomalizika, Baba Mkubwa, kaka yake Baba, aliingia kwenye gari lile. Tulidhani anamlilia mdogo wake. Alitoka ameshika mkono wa gia, kirungu chake cheusi bado juu yake. Katika ukoo wetu mwanamume akifa, mkubwa wake hulichukua jembe lake na kulitunza mpaka ukoo ukae kuamua litakwenda kwa nani. Baba Mkubwa alikuwa mtu wa mila, na aliona gari nalo lina mpini.

"Shemeji, usinielewe vibaya," alisema. "Gari litulie kwanza. Baada ya mavuno tutakaa kikao kwangu Madaba. Na hawa watoto nao tutaona nani akae na nani, maana wewe utawalisha nini?"

Akaufunga mkono ule ndani ya gazeti, akapanda bodaboda kwenda stendi. Alipenda sana kutuambia kwamba aliyeshika makali hagombani na aliyeshika mpini. Mdogo wangu Kasto akaniuliza kama kwa Baba Mkubwa kuna umeme. Nilimpiga kofi. Sikutaka hata aanze kuzoea.

Mama hakulia. Jumapili moja baada ya misa alikwenda gereji, akaomba mkono wa gia wa gari lililokufa siku nyingi, akaja kuufunga nyumbani, mchana kweupe, milango ya gari wazi, ili kila apitaye aone. Alikunja gauni lake jeusi la ujane, akapiga magoti kwenye vumbi.

"Mama Agatha," jirani alimwambia juu ya ua, "mjane na spana wapi na wapi? Si ungesubiri hata uvue hizo nyeusi."

"Nyeusi ndiyo haionyeshi grisi, jirani," Mama alijibu, wala hakuinua kichwa.

Vidole vyangu vilikuwa vyembamba, kwa hiyo mimi ndiye niliyetumwa kufuta mchanga ndani ya lile tundu. Grisi ilikuwa vuguvugu kwa jua, nyeusi na nzito, ikanipanda hadi kwenye kiwiko. Kipande cha plastiki kinachobana mkono kule chini kilikuwa kimekwenda Madaba pamoja na wenzake, basi Mama akachonga kingine kutoka dumu la mafuta ya kula. Hakikukaa sawa. Alipojaribu kuondoka, gia ilijiingiza ilikotaka yenyewe, gari likaruka na kuzimika, na watu uani kwa jirani wakacheka. Nilitamani kuwarushia mawe.

"Waache wacheke, meno ni yao," Mama alisema. "Leta kisu."

Akachonga tena, akafunga tena. Safari hii gia iliingia kwa mlio mfupi mtamu. Mama alikwenda mbele, akarudi nyuma, akapiga honi mbele ya ua wa jirani bila sababu yoyote.

Siku ya kikao tulimpitia Shangazi, dada yao Baba na Baba Mkubwa, tukashika njia ya Madaba. Wazee walikuwa wamekaa na ulanzi wao, ile pombe ya mianzi. Kwenye mkeka mbele yao kulikuwa na jembe la Baba, koti lake, na ule mkono wa gia juu ya gazeti. Walisikia muungurumo kabla hawajatuona. Baba Mkubwa alitazama gari, akatazama mkekani, akatazama gari tena.

Mama alishuka, akapiga magoti mbele yake. "Shikamoo, shemeji."

"Marahaba," alisema kwa sauti ndogo.

"Watoto wangu nimekuja nao kuwasalimu, na nitarudi nao. Na huo mkono wa zamani nauomba pia. Utakuwa wa akiba."

Shangazi akamgeukia Baba Mkubwa. "Kaka, mpe. Mpini unao wewe, lakini shamba limeshalimwa."

Baba Mkubwa akaunyanyua ule mkono wa gia na kumpa Mama, kwa mikono miwili.

Njiani kurudi nilimnunia Mama. Niliona ametufanya tushindwe kwa kupiga magoti mbele ya mtu aliyetaka kututawanya. Ilinichukua mpaka niolewe, niwe na wakwe na mashemeji wangu, kuelewa kwamba magoti yale alimpa kaka wa mumewe kwa sababu alistahili, na hakumpa kitu kingine chochote. Alipoinuka pale mkekani, gauni lake jeusi lilikuwa na vumbi jekundu la Madaba. Alilikung'uta, akatuita mimi na Kasto kwa majina, akawasha gari.