Santuri Yetu Iliyoruka

Juzi nilijiaibisha dukani, rafiki yangu, na wala sijutii. Nilikuwa kwenye foleni ya kulipia, hapa Rexdale, Kanada, kapu mkononi, na ule muziki wa dukani ambao hakuna anayeusikiliza ulikuwa ukipiga juu ya vichwa vyetu. Mara nikasikia gitaa. La kwanza likaita, la pili likaitika, la tatu likajitosa kati kama shangazi aliyesikia anasengenywa, na ngoma zikashika mwendo wa garimoshi. Nilifurahi kabla sijajua nafurahia nini. Wimbo ulipofika pale mahali, mguu wangu uliruka wenyewe. Niliruka, mtu mzima na kapu langu la viazi, mbele ya watu. Wimbo haukuruka. Uliendelea tu, ukapita mahali ambapo sikuwahi kupita nao maishani mwangu.

Mzee aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama kabisa, nikatoa simu nikaiinua juu ili isikie vizuri. Ikanitajia wimbo na albamu yake: roki ya kusini mwa Marekani, ya zamani, ya vijana wenye nywele ndefu, ambayo kumbe inajulikana dunia nzima. Sisi tuliicheza msimu mzima wa baridi bila kujua inaitwaje.

Hebu nikurudishe nyuma. Nilikuwa darasa la tatu, tukiishi katika moja ya yale maghorofa ya karibu na barabara ya Kipling, ambayo korido zake zilinukia vitunguu vya kila taifa. Mama ni Mkikuyu na baba ni Mtaita, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili. Yaani, wao walizungumza, mimi nikawajibu kwa Kiingereza. Mama alikuwa akisomea uuguzi. Mdogo wangu alipozaliwa, nyanya yangu mzaa mama, ambaye tulimwita shosho, aliletwa kutoka Nyandarua aje amlee mtoto ili mama amalize masomo. Mpango ulikuwa mzuri sana, mpaka theluji ilipoanza kuanguka.

Shosho alinyong'onyea. Alikaa dirishani na koti lake mwilini, ndani ya nyumba yenye joto, akitazama maegesho ya magari. Alipika githeri, ule mchemsho wa mahindi na maharagwe, kwa mahindi ya huku, ikatoka tamu kama keki. Akaisukuma sahani, akasema mahindi haya yamelelewa vibaya. Mimi nilitaka kumchangamsha lakini Kiswahili changu kilikuwa cha kuelewa tu, si cha kusema, na yeye Kiingereza hakukijua. Tulibaki tukitazamana na vikombe vya chai. Hatimaye alimwomba baba ambadilishie tiketi, arudi nyumbani kabla ya Krismasi. Mama alilia jikoni akiwa amefungulia maji ya mfereji ili tusimsikie. Tulimsikia. Shosho akiondoka, mama angeacha masomo, maana hakukuwa na mwingine wa kubaki na mtoto. Hata mimi nililijua hilo. Tena nilimpenda shosho, na sikujua nimwambieje.

Sasa, chini ya jengo letu, karibu na chumba cha takataka, watu waliacha vitu vilivyokuwa bado vizima, na baba hakupita pale mikono mitupu hata siku moja. Jioni moja akitoka kazini Malton, kwenye bohari la mizigo, alipanda juu amekumbatia gramafoni. Mama alimwuliza kama sasa tunafungua jumba la makumbusho. Ndani yake mlikuwa na santuri moja tu, haina jalada, na karatasi ya katikati imechunika haisomeki. Baba akaipangusa kwa soksi safi, akashusha sindano.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa polepole, gitaa likilia kwa chuma kinachotelezeshwa kwenye nyuzi, na mwanamume mwenye sauti ya kuchoka akisimulia mambo yake. Shosho hakugeuka. Wa pili ukaja na kinanda, mchangamfu kidogo. Hakugeuka. Kisha ukaja ule mrefu, wenye magitaa matatu, na shingo ya shosho ikazunguka. Akauliza huyo mpigaji ni wa wapi. Baba akamwambia ni Mmarekani. Shosho akakataa katakata. Alisema mtu huyo amepiga harusi za Ol Kalou, yeye mwenyewe amemsikia.

Kwa watu wa mama, mugithi ni garimoshi, na pia ni dansi: gitaa, mpigaji mmoja, na watu waliojipanga mstari, mikono mabegani mwa aliye mbele, wakizunguka ukumbi mzima. Hata akina mama wa kanisa huicheza harusini, pasta akishaondoka. Basi shosho akasimama, akamfunga mdogo wangu mgongoni kwa leso, akaivuta mikono yangu. Mabega sikuyafikia, nikashika kiuno. Tukatoka sebuleni, tukapita ukumbini, tukazunguka meza ya jikoni, tukarudi.

Katikati ya wimbo santuri ikaruka. Ilikuwa na mkwaruzo mkubwa, sindano ikadunda na kutua mbele kabisa. Baba akakimbia kutafuta kitu cha kuulemeza mkono wa gramafoni. Shosho akamzuia.

"Iache," alisema. "Reli imekatika hapo. Ni kuruka tu."

Tuliporudia wimbo, pale mahali shosho aliruka, nami nikaruka, na mtoto akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Tangu hapo, nikitoka shule saa kumi, garimoshi lilikuwa linanisubiri. Jumamosi baba na mama walikuwa mabehewa ya nyuma. Sikuhitaji Kiswahili wala Kiingereza. Ila tiketi haikutajwa, nami niliogopa kuuliza.

Siku moja mlango ukagongwa. Nikafungua, nikamkuta jirani wa chini, mama wa Kiismailia mwenye miwani ya mnyororo, amekasirika. Alianza kunikemea kwa Kiingereza. Kutoka ndani shosho akauliza kwa Kiswahili ni nani huyo anayemgombeza mtoto. Yule mama akachungulia, kisha akasema kwa Kiswahili cha Mombasa, alikozaliwa:

"Mwenzangu, nimevumilia vya kutosha. Kila siku saa kumi taa yangu yatikisika. Mwatwanga nini humu?"

"Hatutwangi, tunasafiri," shosho akamjibu. "Ingia, chai iko motoni."

Akaingia. Alikicheka Kiswahili cha shosho, shosho akakicheka chake, na kufikia kikombe cha pili walikuwa wanashikana mikono. Wiki hiyo alimpeleka Thorncliffe, kwenye duka lenye mahindi makavu meupe, na githeri ikawa githeri. Saa kumi alipanda juu naye akawa behewa, akiruka na miwani yake. Siku moja shosho, akichambua maharagwe, alimwambia baba aiache ile tiketi ilivyo. Ataondoka theluji ikiisha. Mama alikuwa mlangoni, hajavua viatu. Akaenda jikoni akafungulia maji, lakini safari hii alikuwa akiimba.

Mama alimaliza masomo. Shosho aliondoka majani yakichipua, na santuri akaifunga ndani ya sweta akaenda nayo. Gramafoni hakuwa nayo kule. Aliitundika ukutani kando ya kalenda, akawaeleza wageni kwamba hilo ni garimoshi la Kanada. Tulipoenda kumzika, ukuta ulikuwa umepakwa rangi upya, na hakuna aliyejua santuri ilikwenda wapi. Jirani naye ametangulia. Korido ile sasa inanukia dawa ya sakafu.

Jioni ile ya kujiaibisha nilienda kwa mama. Amewauguza wazee wa mji huu mpaka mwenyewe amezeeka, na magoti yanamsumbua. Nikaweka simu mezani bila kumwambia kitu. Gitaa la kwanza lilipoita, akaweka kikombe chini. Tulisikiliza. Ukafika pale, ukapita.

"Hii siyo," alisema.

"Ni yenyewe, mama. Hii ndiyo nzima."

Mama akatikisa kichwa. "Basi hiyo nzima haina shosho."

Akaniambia niirudishe mwanzo. Akashika meza, akainuka polepole, akanipa mgongo ili nimshike mabega, ambayo siku hizi nayafikia bila taabu. Tukazunguka meza ya jikoni, magitaa yakijibizana. Wimbo ulipofika pale, ukapita moja kwa moja juu ya reli yake iliyotengenezwa, na sisi tukaruka.