Luciana hashushi flapu zote mpaka Kashinje apandishe shuka

Saa mbili asubuhi upepo wa Sumbawanga umeshaamka, na Luciana Eustaki anazunguka ndege yake ndogo akiigusa hapa na pale. Anafika nyuma ya bawa la kushoto, anashika bamba refu lililoning'inia chini, analitikisa, kisha anaitikia kwa kichwa.

"Hizi ndizo flapu," anamwambia mwandishi wa simulizi hii, ambaye kwa woga hajaweza kumeza hata andazi. "Umeshaona kuku akiruka kutoka juu ya paa? Anatanua mabawa kabla ya kugusa chini. Na mimi natanua hivi. Mwendo unapungua, lakini ndege haidondoki. Panda kaka, usiogope."

Luciana, mwenye umri wa miaka 31, ni mzaliwa wa Malangali, binti wa wakulima wa mahindi na ulezi. Hurusha ndege ya huduma ya afya inayopeleka wauguzi na chanjo kwenye bonde la Rukwa, chini ya milima ya Lyamba lya Mfipa, na kurudi na wagonjwa. Kwa barabara, mvua zikichachamaa, safari hiyo humeza siku nzima. Kwa ndege haifiki nusu saa.

Leo anapimwa. Pembeni yake ameketi Kapteni Teodori, rubani pekee aliyeruhusiwa kutua kwenye kiwanja kifupi cha nyasi huko bondeni bila msimamizi, na Kapteni anastaafu mwisho wa mwezi. Luciana asipofaulu, safari za bondeni zitasimama hadi apatikane rubani mwingine.

Na mwaka jana hakufaulu.

"Nilivuruga," anasema bila kumung'unya maneno.

Anayetoka Sumbawanga huvuka ukingo wa mlima akiwa juu mno, na mara kiwanja hicho chini ya miguu yake. Siku ile Luciana alishusha flapu zote mapema ili ateremke haraka. Ng'ombe wakaingia kiwanjani, ikabidi apae tena. Akaongeza nguvu ya injini, kisha kwa pupa akazipandisha flapu zote kwa mkupuo. Ndege ikazama. Magurudumu yakafagia nyasi, na Kapteni akashika usukani.

"Flapu ndizo zilizokuwa zimenibeba, mimi nikaziondoa zote mara moja. Nililia sana. Mama akaniambia, 'Ulezi ukiupepeta kwa hasira, unamwaga hadi punje.' Nikaacha kulia."

Akaenda kumwona Kashinje, mfugaji ambaye familia yake ilihamia bondeni na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Wakapatana: kiwanja kikiwa wazi, Kashinje anapandisha shuka lake jekundu juu ya fimbo. Shuka lisipoonekana, Luciana hashushi hatua ya mwisho ya flapu. Mpaka leo hakuna mkataba mwingine kati yao.

Tunavuka ukingo. Ardhi inakatika ghafla. Luciana anapunguza mwendo kwanza, kisha anashusha flapu hatua ya kwanza, halafu ya pili. Kapteni ameweka mikono magotini. Nyuma, muuguzi Hellena amekumbatia boksi la chanjo.

Shuka linapanda. Luciana anashusha hatua ya mwisho, na pua ya ndege inainama kuelekea nyasi.

Hapo ndama mmoja anachomoka majanini na kukatiza kiwanja.

"Tunarudi juu," anasema Luciana kwa sauti ile ile aliyotusalimia nayo. Injini kwa nguvu zote kwanza. Kisha anapandisha flapu hatua moja tu. Anasubiri. Ndege inapanda. Hatua nyingine. Anasubiri tena, wakati mwandishi anasali sala alizodhani ameshazisahau. Kapteni hajanyanyua hata kidole.

Anazunguka, anarudi. Shuka lipo, ndama hayupo. Tunatua salama, na kwa kweli mwandishi anatamani kupiga makofi.

Kashinje anakuja mbio. "Dada rubani, nisamehe! Kale kandama kamenitoroka!"

"Shikamoo baba. Wala usijali, umenipa mtihani mzuri."

Chini ya turubai anasubiri Jenifer, mjamzito wa mimba ya kwanza. Miguu imemvimba na kichwa kinamuuma, na Hellena akimpima presha anakunja uso: afikishwe hospitali sasa hivi. Mama mkwe wake, Rozina, hataki kumwacha. Jenifer lazima alale, na nafasi ndani ya ndege ni finyu.

Kapteni Teodori anafungua mlango, anatoa begi lake. "Mama, kaa hapa kwangu. Na wewe mwandishi, shuka."

"Kapteni, na wewe je?" anauliza Luciana.

"Umefaulu. Utarudi kutuchukua baadaye. Nenda, mgonjwa anasubiri."

Luciana anafuta macho haraka kwa kiganja, anafunga mkanda. Mwandishi anamuuliza dirishani nini kinafuata.

"Nikizoea huku peke yangu, naomba safari za Wampembe," anasema. "Akina mama wa ziwani nao wanahangaika. Na nitamfundisha rubani mwingine, ili nami nikiondoka pasisimame kitu."

Ndege inakimbia, inanyanyuka. Mwandishi anasimama kuikodolea macho. Kapteni ameipa mgongo, anamuuliza Kashinje kama kuna maziwa ya mgando.

"Kapteni, hutazami?"

"Nitazame nini? Kuna rubani mle."